Picha Nambari Nne

Jumanne, tarehe 15 Julai 2025. Asubuhi hiyo Riruta ilifunikwa na ukungu, na manyunyu membamba yalikuwa yakianguka tangu alfajiri, pamoja na baridi ile ya Julai inayokufanya ushindwe kufunga kifungo cha shati.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa juu ya mnara wa tangi, nikiwafungulia wapangaji maji. Mimi ni mwangalizi wa ploti ya vyumba kumi na vinne, upande wa nyuma wa Barabara ya Naivasha. Nilikuwa katikati ya sala yangu ya asubuhi, ambayo huisali hapo juu kwa sababu hakuna anayenikatiza, niliposikia lango likipigwa teke. Teke la tatu lilivunja komeo.

Waliingia wanaume saba wenye marungu na mapanga. Tulijua aliyewatuma. Kuna mtu anayedai kwamba ploti hii aliuziwa na mtoto wa marehemu mwenye nyumba. Kesi iko mahakamani, lakini mtu huyo alichoka kuingoja. Walianza na chumba cha kwanza. Mpangaji walimtoa akiwa na nguo za kulalia, wakamburuta kwenye matope, na alipojaribu kuinuka mmoja akamkanyaga mgongoni. Chumba cha pili walipiga teke jiko, na uji wa moto ukamrukia mama wa watu miguuni. Chumba cha tatu na cha nne walivunja kila kilichoweza kuvunjika, bila haraka, kama watu waliokuja kazini.

Chumba cha tano kilikuwa cha Waringa. Sisi humwita Mama Ndegwa. Ana miaka sitini na minane, na mke wangu alipofariki ni yeye aliyekuja kuomba nami kila jioni kwa wiki nzima, wakati mimi mwenyewe sikuweza kufumbua mdomo mbele za Mungu. Alisimama mlangoni akiwa ameshika miimo kwa mikono miwili. Kiongozi wao, mwenye kofia nyekundu, alimwamuru aondoke. Mama Ndegwa alimjibu kwamba amekaa hapo miaka kumi na tisa na chai yake haijaisha. Yule mtu alimpiga kwenye vidole kwa ubapa wa panga. Hakuachilia. Akampiga tena, kichwani, na mara hiyo hakutumia ubapa.

Sikushuka. Nilimwomba Mungu anipe miguu, na miguu haikuja. Kilichokuja ni vidole. Nilitoa simu nikaanza kupiga picha.

Ndipo Kitavi alipotoka chumba cha kumi na moja. Alikuwa mpangaji wa wiki mbili tu, kijana wa Mwingi, fundi wa kuchomelea madirisha ya chuma. Wengi hapo mtaani hawakuwa wamemjua hata kwa sura. Alikuwa kifua wazi, povu la sabuni bado shingoni, na mkononi kipande cha bomba. Alimpiga yule wa kofia nyekundu kwenye kiwiko, na nikasikia mfupa ukilia mpaka juu ya tangi. Panga lilianguka. Kitavi aliliokota, akamvuka Mama Ndegwa aliyekuwa amelala chini, akasimama juu yake, mguu mmoja huku na mwingine huku, panga juu, akiwakabili wale sita waliobaki.

Hapo nilibonyeza. Ndiyo picha ya nne. Wale sita walikuwa nje ya picha, na wa kofia nyekundu alikuwa ameshajiviringisha pembeni, kwa hiyo kilichobaki chake pichani ni kiatu kimoja kwenye kona.

Majirani walikuwa wameanza kugonga sufuria na kupiga kelele pande zote. Wale watu walirudi nyuma taratibu, wakimburuta kiongozi wao. Mmoja alitupa jiwe likampasua Kitavi sikio. Kisha ukungu ukawameza.

Mama Ndegwa alipelekwa hospitali kwa gari la jirani, akiwa amezimia, kichwa kimefungwa leso iliyokuwa nyeupe. Mimi nilishuka. Kitavi alikuwa akiosha damu bombani, yake na ya mama. Nilipokuwa nikimfunga sikio kwa kitambaa, akaniambia lazima aende Parklands, kuna fleti wanazowekea vyuma vya madirisha na msimamizi wao hamngojei mtu. Alinikabidhi panga likiwa limefungwa kwenye gunia, nilitunze mpaka polisi waje. Akafika langoni, akarudi.

"Mzee," akasema, "nimekuona ukipiga picha. Mimi nimeshika hiyo kitu. Andika tu panga si yangu."

"Nitaandika," nikamwambia. "Nenda kwa amani."

*

Nina miaka hamsini na sita, na kila Jumanne na Alhamisi jioni huenda mjini kusomea kompyuta, ghorofa ya tatu ya jengo moja karibu na Luthuli Avenue, juu ya vibanda vya kuuza simu. Darasani ni mimi peke yangu mwenye mvi. Shule niliiachia darasa la sita, na nilipopata nafasi hii nilimshukuru Mungu kama mtu aliyerudishiwa mguu. Alhamisi iliyotangulia, mwalimu wetu Beryl alikuwa ametufundisha kuyapa mafaili majina. Alisema jina zuri liseme ni nani, amefanya nini, lini. Mtu akilisoma asihitaji kuuliza swali. Nilirudi nyumbani nikabadilisha jina la kila kitu kilichokuwa kwenye kompyuta yangu, hata picha tatu za marehemu mke wangu.

Kwa hiyo asubuhi ile, baada ya polisi kuja, kuandika na kuondoka na panga, niliketi kitandani na kompyuta magotini. Picha zilikuwa tisa. Nilizipa majina moja moja, kwa kidole kimoja, na ilinichukua karibu saa nzima. Ya nne niliiita hivi: "04 Kitavi amemnyang'anya mshambuliaji panga anamlinda Mama Ndegwa 15 Julai." Nililisoma mara mbili. Halikuhitaji swali.

Mtaa wetu una chama cha usalama, na chama kina tovuti. Mkaazi akiwa na habari, anajaza fomu hapo, anaambatisha picha, na ujumbe unaingia kwenye simu za wanachama wote kutoka Riruta mpaka Waiyaki Way. Niliambatisha picha zangu zote. Chini kulikuwa na nafasi ya maelezo. Nilifikiri kuandika yote tena, lakini macho yalikuwa yamechoka, nami nilishaandika. Nikaandika sentensi moja: "Maelezo yote yako kwenye majina ya picha." Niliweka mkono juu ya kompyuta, nikamwomba Mungu aifanye kweli ifike, nikabonyeza. Kioo kikaniambia ripoti yangu imepokewa. Nikasema amina.

Sikuangalia ilivyofika. Mimi nimekulia kwenye barua. Ukiandika juu ya bahasha na kuitia kwenye sanduku la posta, unajua kwamba atakayeipokea atasoma maneno yale yale, kwa mwandiko wako. Haikunijia hata kidogo kwamba kuna posta inayofuta ulichoandika na kuandika yake. Nilizima kompyuta nikaenda kumwagia mchanga damu ya mlangoni kwa Mama Ndegwa.

*

Saa kumi na moja kasorobo jioni nilikuwa nikienda steji kupanda gari la mjini, begi la kompyuta begani. Nilisikia kelele kabla ya kona. Nilipopinda niliona pikipiki zimeachwa ovyo, nyingine zikiunguruma, na mduara wa watu unaovuta ndani na kutoka, ndani na kutoka. Mtu akianza kupigwa, mduara hupumua hivyo.

Nilichungulia kati ya mabega. Aliyekuwa chini alikuwa na shati la kazi lenye matundu ya cheche za kuchomelea, na sikio lililofungwa kitambaa. Uso sikuutambua, kwa sababu haukuwa uso tena. Nilimtambua kwa kitambaa. Mimi ndiye niliyekifunga.

Aliyekuwa akipiga kuliko wote alikuwa Ndegwa, mtoto wa Waringa. Ni dereva wa familia moja Loresho, mtu mpole, ana zaidi ya miaka arobaini, na kila Jumapili humleta mama yake kanisani kwa gari la mwajiri. Alikuwa ametoka hospitali, akamwacha mama bado hajafumbua macho. Mkononi alishika spana ya magurudumu. Alikuwa akiipandisha na kuishusha, akilia, na kila iliposhuka ilitoa sauti ya kitu kilichokuwa kizima kikiwa si kizima tena.

Nilisukuma nikaingia. Nilimlalia Kitavi nusu, nikasema huyu siye, huyu siye. Mtu wa bodaboda alinishika mkanda akaning'oa kama gunia.

"Wewe mzee, unataka kuungua na yeye?" akaniuliza, na wenzake wakacheka. "Si huyu ndiye amekata cucu, mama mzee wa watu, asubuhi? Cheki picha. Nambari nne."

Alinisukumia simu usoni. Ilikuwa picha yangu. Kitavi juu, panga juu, mama chini na damu yake. Kile kiatu kwenye kona usingekiona kama hukuambiwa. Chini ya picha, mahali nilipoandika kwa saa nzima, palikuwa na tarakimu za tarehe, kistari, na nne. Hakuna Kitavi, hakuna mshambuliaji, hakuna kulinda. Na juu yake, kwa maandishi manene, yalikuwa maneno yangu mwenyewe: Maelezo yote yako kwenye majina ya picha.

Nilihisi kama nimepigwa mimi.

Kelele zangu hazikuwa na maana. Mtu anayepiga haamini mdomo, anaamini picha, na picha walikuwa nayo. Nilipiga magoti kwenye matope nikafungua begi, nikawasha kompyuta. Ni kompyuta kuukuu. Huchukua dakika tatu kuamka. Duara dogo likaanza kuzunguka kwenye kioo. Nyuma yangu spana ilishuka. Nilisema, Bwana, ifungue. Ikashuka tena. Bwana, ifungue. Sijawahi kusali sala fupi kiasi hicho wala kuisikia ikijibiwa na kitu kama hicho. Mtu mmoja alipita juu yangu akibeba tairi. Mwingine alikuwa na chupa ya soda iliyojaa petroli, ameziba mdomo wake kwa kidole gumba. Duara lilizunguka. Kitavi alikuwa ameacha kulia, na ukimya wake ulinitisha kuliko kilio chake.

Kioo kikafunguka. Nilibonyeza folda, nikaikuza picha ya nne na jina lake likatokea juu, refu, kamili, kama nilivyoliandika. Nilimwita Ndegwa. Hakusikia. Nilimvuta kola. Alinipiga kiwiko kifuani bila hata kuangalia ni nani. Basi nilisimama na kumpiga ngumi ya uso, kwa nguvu zote nilizokosa asubuhi juu ya tangi. Sikuwa nimewahi kumpiga mtu tangu nilipookoka, na siwezi kusema kwamba mkono wangu ulisita. Pua yake ilipasuka. Aligeuka kuniua, na nilichomwekea mbele ya macho ni kompyuta.

"Soma," nikamwambia.

Midomo yake ilitembea. Nilimwona akifika kwenye neno la kulinda na kurudi mwanzo. Nilimwonyesha kiatu. Aliangalia kiatu muda mrefu, damu ya pua ikimdondokea kwenye vitufe.

"Baba Kui," akasema, maana Kui ndilo jina la binti yangu, "mbona hukusema?"

"Niliandika."

"Uliandika wapi?"

Spana ilimtoka mkononi. Alianza kupiga kelele kwamba waache, si yeye, si yeye, lakini waliokuwa upande wa pili hawakuwa wameona kompyuta wala kusikia, na mmoja wao aliinua jiwe la kuzuia magurudumu kwa mikono miwili, akaliachilia juu ya mkono wa kulia wa Kitavi. Mimi na Ndegwa tuliingia pamoja. Tairi lilikuwa tayari shingoni. Tulilivuta, likamkwama kwenye kidevu, tukalivuta tena. Mwenye chupa alimwagia petroli mabega yangu kabla hajaelewa, na kwa muda wa pumzi moja sote wanne tulinuka kitu kimoja na kungoja nani ana kiberiti. Hakuna aliyekiwasha. Ndegwa alimtazama tu yule mwenye chupa, na jinsi alivyomtazama, yule mtu akaiweka chini.

Watu huondoka upesi wakigundua wamekosea. Pikipiki ziliwashwa moja moja. Baada ya muda mfupi tulibaki watatu kwenye matope, na mmoja wetu hakuwa na fahamu.

*

Alhamisi nilienda darasani nikiwa bado na harufu ya petroli kwenye koti. Jioni hiyo hatukusoma somo lililopangwa. Nilimweleza Beryl kila kitu mbele ya wenzangu, kwa sababu nilitaka kujua nilikosea wapi, na sikutaka kujua kwa siri. Kitavi alikuwa amepoteza jicho la kushoto. Mkono wa kulia, ule wa kuchomelea, ulikuwa umevunjika mahali pengi, na daktari hakuwa ameahidi chochote. Mama Ndegwa alikuwa amefumbua macho Jumatano, akauliza yule kijana wa sabuni yuko wapi. Ilibidi aambiwe.

Beryl ni binti wa miaka kama thelathini, na huniita mzee kwa heshima hata ninapokosea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alifungua ile tovuti ya chama kwenye kompyuta yake, akatuma ripoti ya majaribio yenye picha ya ubao wetu aliyoiita kwa jina refu. Tuliingoja kwenye simu yangu. Ilipofika ilikuwa tarakimu.

Alitueleza taratibu. Faili likisafiri, jina husafiri kando yake, kama karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Mashine inayopokea inaweza kuiacha ilivyo, lakini nyingi huibandua na kuweka namba yake ili mafaili mawili yenye jina moja yasigongane. Si kosa kwao, wao hawajui jina lako lina uzito gani. Akatuonyesha njia. Aliziweka picha tisa kwenye folda moja, akaibana, kitu wanachokiita zipu, akaituma kwa fomu ile ile. Folda ilifika imebadilishwa kuwa namba. Tulipoifungua, picha zote tisa zilikuwa ndani na majina yake, hakuna herufi iliyoguswa.

"Nilikufundisha nusu, mzee," akasema. "Jina ni lako mpaka unapobonyeza. Ukishabonyeza, nenda upande wa pili ukaone limefika namna gani. Na jambo la damu, liandike ndani ya barua pia, hata kama umelichoka."

Usiku ule sikumlaumu, na hata sasa simlaumu. Kabla hatujaondoka tulituma ile folda kwa mpelelezi anayeshughulikia kesi yetu, nami nikampigia simu nikamwomba aifungue nikiwa bado kwenye laini, anisomee picha ya nne inaitwaje. Alisoma neno kwa neno. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha mpelelezi aliniuliza jambo jingine. Waliompiga Kitavi ni akina nani? Nilimwambia nitakuja Jumatatu kuandika maelezo.

Ijumaa asubuhi nilikuta jiwe ndani ya chumba changu na vioo kitandani. Mlangoni mtu alikuwa ameandika kwa makaa, kubwa kama mkono wangu: 4. Nilipopita steji, yule wa bodaboda aliyenishika mkanda aliniuliza kwa upole kama siku hizi naendelea vizuri na kompyuta, na kama barabara ya kurudi kutoka darasani haina giza. Wenzake walitazama chini.

Ndegwa naye alikuja mchana, pua imefura. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliniambia hajalala, kwamba akifumba macho anasikia ile sauti. Alisema atamsaidia Kitavi maisha yake yote. Kisha akasema kilichomleta.

"Baba Kui, tulikuwa wengi. Ukiulizwa, sema ni watu."

Nilimwambia twende tuombe. Tuliomba. Hakuna kati yetu aliyetaja jambo lile tena, lakini lilikaa pale katikati yetu kama mtu wa tatu.

Nilitaka kusema "watu". Nasema wazi. Nilimfikiria mama yake na zile jioni saba. Nilifikiria jiwe na makaa. Na nilifikiria kwamba spana ile ilipanda na kushuka kwa sababu yangu.

*

Jumamosi nilienda hospitali. Nilimkuta Kitavi katika wadi ya wanaume, nusu ya kichwa imefungwa bandeji, mkono umening'inizwa. Kando yake aliketi dada yake mkubwa, Mwelu, anayefanya kazi ya usafi Parklands. Alikuwa amekuja na sare yake ya kazi bado. Muuguzi alimleta Mama Ndegwa kwenye kiti cha magurudumu kutoka wadi ya wanawake, kichwa kimenyolewa na kushonwa. Ndegwa ndiye aliyekisukuma kiti mpaka mlangoni, na hapo alisimama. Hakuthubutu kuingia.

Mama Ndegwa aliushika mguu wa Kitavi juu ya shuka, maana hapakuwa na mahali pengine pazima. Alimwambia kwa Kiswahili chake cha Kikikuyu kwamba alimwona asubuhi ile, kwamba alipoanguka kitu cha mwisho alichokiona ni miguu yake miwili, mmoja huku na mwingine huku, kama nguzo za mlango. Kitavi aligeuza jicho lililobaki akanitazama mimi.

"Mzee," akasema, sauti ikitoka kwa shida kati ya meno yaliyobaki, "nilikwambia uandike."

"Niliandika, mwanangu. Sikuangalia kama ilifika."

Hapo Mwelu aliinuka. Hakupaza sauti. Nilitamani angepaza.

"Wewe ulikuwa hapo," akasema. "Jumatatu wakikuuliza nani alimfanyia ndugu yangu hivi, utasema nini? Utasema watu? Kila mtu akipigwa hii Nairobi ni watu. Watu hawana jina, watu hawashikwi, watu wanarudi kazini Jumatatu. Ndugu yangu alikuwa na jina lake, mkampatia namba. Sasa hao waliompiga pia utawapatia namba?"

Nilimtazama Mama Ndegwa. Alielewa tangu kabla sijageuza kichwa, mama hujua. Alifumba macho, na mkono wake ukaubana mguu wa Kitavi mpaka shuka ikakunjika. Midomo yake ilitembea, nami nilijua anasema na nani. Alipofumbua macho hakunitazama mimi, alimtazama mtoto wake pale mlangoni.

"Jamleck," akaniita mimi kwa jina langu, "usiniangalie. Si mimi nilipigwa na hiyo spana."

Muuguzi alishika chati kifuani. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameinua vichwa. Ndegwa hakukimbia. Aliegemea mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili, kama mama yake alivyofanya asubuhi ile, na nilipoona hivyo karibu nishindwe.

Nilivua kofia. Nilimwomba Mungu miguu, na safari hii ilikuja; nilisimama mahali ambapo Kitavi angeniona kwa jicho lake moja, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kitanda cha mwisho:

"Kitavi, nakuahidi mbele za Mungu, mbele ya dada yako, mbele ya Mama Ndegwa na mtoto wake, na mbele ya hawa wote wanaonisikia. Jumatatu saa mbili asubuhi nitaandika maelezo kwa mkono wangu. Jina la kwanza nitakaloandika ni langu, Jamleck, na nilichofanya. La pili ni Ndegwa, na alichoshika mkononi. Baada yake nitaandika kila sura niliyoiona pale steji kwa jina ninalolijua. Sitaandika watu. Na sitatoka hapo kituoni mpaka mpelelezi anisomee kila jina, moja moja, nisikie limefika."